Hati ina jina la mume, mimi sikuwahi kuajiriwa: mahakama itanipa nini?

SWALI: Shikamoo wakili. Naishi Kihonda, Morogoro. Niliolewa kwa ndoa ya Kiislamu mwaka 2006 na tuna watoto watatu. Mume wangu aliponioa alikuwa na kiwanja chenye msingi tu. Nyumba tumeijenga tukiwa kwenye ndoa. Ana bajaji mbili. Mimi ni mama wa nyumbani, asubuhi nauza vitumbua, na mwaka 2014 nilikopa kwenye kikoba tukapaua. Mwezi uliopita ameniandikia talaka tatu, akaniambia nichukue kitanda na vyombo vyangu. Shemeji anasema sina changu kwa kuwa hati ya kiwanja na kadi za bajaji zina jina la kaka yake. Dada yangu anasema sheria ni nusu kwa nusu. Jirani naye kasikia redioni kwamba Kenya mahakama imeikataa nusu kwa nusu. Nimsikilize nani?

JIBU: Marahaba dada, na pole. Sijaiona hati wala hiyo karatasi ya talaka, kwa hiyo nitakueleza sheria ya Tanzania Bara ilivyo, kisha nikuoneshe mahali ambapo kesi za namna yako hushinda na mahali zinapokwama. Namba za vifungu nitakazotaja ni za toleo la sheria la 2019. Toleo la 2023 limeanza kutumika Julai 2025, hivyo anayekusaidia kuandika madai ahakikishe namba humo.

Shemeji yako amekosea kabisa. Dada yako yuko karibu na ukweli ila ameruka hatua moja, na ndiyo inayowaangusha wanawake wengi mahakamani. Habari ya jirani ni ya kweli, lakini inahusu sheria ya Kenya.

Nianze na shemeji, maana anachosema kiliwahi kusemwa na mahakama yenyewe. Mwaka 1980 Mahakama ya Mwanzo katika wilaya ya Ilala, Dar es Salaam, ilivunja ndoa ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu. Bi Hawa alipodai fungu lake, mahakama ilimjibu kwamba hastahili kitu kwa sababu yeye alikuwa mke tu, na nyumba mume aliinunua kwa fedha zake mwenyewe. Akakata rufaa, akagonga mwamba mpaka Mahakama Kuu. Akapanda tena hadi Mahakama ya Rufani, katika Rufaa ya Madai Namba 9 ya 1983, na hukumu ya huko, iliyoandikwa na Jaji Mkuu Francis Nyalali, ndiyo ambayo kila wakili wa mambo ya ndoa nchini anaitaja mpaka leo.

Kabla ya hukumu ile majaji wa Mahakama Kuu walikuwa wamegawanyika. Kifungu cha 114 cha Sheria ya Ndoa ya 1971 kinaipa mahakama mamlaka ya kugawa mali ambayo wanandoa wameichuma kwa juhudi zao za pamoja, na kinaitaka iangalie mchango wa kila mmoja, uwe wa fedha, mali au kazi. Baadhi ya majaji walisema kazi inayohesabika ni ile iliyoigusa mali moja kwa moja: umebeba tofali, umelima shamba, umesimama dukani. Kupika, kufua na kulea, kwao, ni wajibu wa mke na havimpi fungu. Wengine wakasema hapana, kazi ya nyumbani nayo ni kazi, na bila hiyo mume asingepata nafasi wala nguvu ya kuchuma.

Mahakama ya Rufani ilikwenda na hawa wa pili. Ilijiuliza Bunge lilikusudia kuponya nini lilipotunga sheria ile, ikaona ni unyonyaji na uonevu wa jadi ambao wanawake walioolewa walikuwa wakifanyiwa na waume zao. Kisha ikajenga hoja ambayo mimi naiona nzito kuliko zote: ustawi wa familia ni sehemu ya shughuli za kiuchumi za mtu yeyote mwenye familia, kwa hiyo anayeutunza ustawi huo anachangia upatikanaji wa mali. Hoja hiyo haina jinsia. Mwanamume anayekaa na watoto wakati mke wake yuko kazini naye inamhusu, ingawa wanaume wa namna hiyo bado wanaona haya kuisema mahakamani.

Basi shemeji yako akikuambia hukuwahi kuajiriwa, mwambie hoja hiyo ilizikwa 1983.

Lakini Bi Hawa mwenyewe alishindwa ile rufaa, na jambo hilo ni nadra kulisikia kwenye semina za haki za wanawake. Mahakama ilikubali kwamba kazi za nyumbani ni mchango, halafu ikatazama mwenendo wake katika ushahidi. Mumewe alikuwa amempa fedha kwa ajili ya mradi wa familia, naye akazifuja. Majaji wakasema mwenzi ambaye mwenendo wake umeufuta mchango wake katika ustawi wa familia hawezi kudai fungu, na rufaa yake ikatupwa. Alishinda hoja kwa niaba ya wanawake wa nchi nzima, yeye akarudi nyumbani mikono mitupu.

Nakusimulia hilo kwa makusudi. Upande wa mume, akipata mtu wa kumwelekeza, utakuja na hoja hiyo hiyo. Utaulizwa juu ya ule mkopo wa kikoba: ulikopa kwa ridhaa ya nani, fedha zilikwenda wapi, nani alirejesha. Ukiwa na majibu, mkopo ule ni silaha yako kubwa kuliko zote, maana ni fedha taslimu iliyoingia kwenye paa la nyumba inayogombaniwa. Ukiwa huna, utageuzwa kuwa hadithi ya mwanamke mpenda mikopo.

Hapo ndipo linapoingia kosa la dada yako. Kifungu cha 114 hakisemi nusu kwa nusu. Kinataja mambo manne ya kuzingatiwa, ambayo ni mila na desturi za jamii ya wanandoa, kiasi cha mchango wa kila mmoja, madeni ambayo mmoja wao aliingia kwa faida ya wote, na mahitaji ya watoto. Baada ya kuyapima hayo ndipo kinaitaka mahakama ielekee kwenye mgawanyo sawa. Usawa ni mahali pa kuelekea, na kwanza unapita kwenye ushahidi. Mahakama Kuu mwaka 1989, katika shauri la Bibie Mauridi dhidi ya Mohamed Ibrahim, ilisema wazi kwamba kazi za nyumbani ni mchango ila si lazima zifikie asilimia 50, na kwamba lazima pawepo ushahidi wa kiasi cha mchango kabla ya kugawa. Mahakama ya Rufani imerudia wazo hilo katika Gabriel Nimrod Kurwijila dhidi ya Theresia Hassani Malongo, Rufaa ya Madai Namba 102 ya 2018: kiasi cha mchango ni suala la ushahidi, na anayedai ndiye anayethibitisha.

Binafsi naona mahakama zetu huwa ngumu mno kwenye jambo hili. Mume huja na risiti za saruji na nondo kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa akienda dukani. Mke hana risiti ya kumnyonyesha mtoto usiku. Ukidai uthibitisho wa aina moja kwa wote wawili, umeshampendelea mmoja kabla kesi haijaanza, na nadhani Jaji Mkuu Nyalali asingeridhika na baadhi ya hukumu zinazomtaja yeye na kisha kumpa mke wa miaka ishirini fungu dogo kwa sababu hakuleta karatasi. Lakini kesi yako itaamuliwa na mahakama iliyopo, haingoji mahakama ninayoitamani mimi. Tuuandae ushahidi.

Jina kwenye hati kwanza, maana ndilo linalokutisha. Kifungu cha 60 cha Sheria ya Ndoa kinasema mali iliyopatikana wakati wa ndoa kwa jina la mmoja hudhaniwa kuwa ni yake peke yake. Shemeji huenda kasikia hapo akaishia hapo. Dhana hiyo inaweza kukanushwa kwa ushahidi, na kifungu cha 114 kipo kwa ajili hiyo hasa: mali nyingi zinazogawanywa mahakamani huwa na jina la mmoja, zingekuwa na majina mawili ugomvi usingekuwa mkubwa. Kifungu cha 161 cha Sheria ya Ardhi nacho kinamtambua mwenzi aliyechangia kwa kazi au kwa kuendeleza ardhi iliyoandikwa jina la mwenzake.

Kuhusu kiwanja kuwa chake kabla ya ndoa, ni kweli mali ya mtu kabla ya kuoa hubaki yake. Ila kifungu kidogo cha 114(3) kinaingiza katika mgawanyo mali ya kabla ya ndoa iliyoendelezwa kwa kiwango kikubwa wakati wa ndoa, na mwenzake au kwa juhudi za pamoja. Msingi uliogeuka nyumba iliyopauliwa yenye watu ndani ni uendelezaji mkubwa kwa kipimo chochote. Kama ana shamba la urithi kijijini ambalo hujawahi kulitia jembe, hilo liache. Ukilidai unaipunguzia nguvu hoja ya nyumba, na hakimu atakuona mwenye tamaa.

Sasa fikiria umesimama mbele ya hakimu. Umeshakula kiapo, anakuuliza, "Mama, wewe ulichangia nini kwenye nyumba hii?" Wengi hujibu, "Mheshimiwa, mimi nilikuwa mke wake, nilivumilia mengi." Jibu hilo ni la kweli na halikusaidii. Hakimu anaandika kwa mkono, na alichoandika ndicho mahakama ya juu itakachosoma. Mpe cha kuandika. Mwambie mlihamia mwaka gani, nyumba ikiwa na vyumba vingapi, mlilala wapi fundi akiendelea. Mwambie nani alimwagilia tofali maji asubuhi na jioni zisipasuke, maji yalitoka wapi, nani alimpikia fundi na kibarua wake, nani alibaki saiti mume akiwa barabarani. Mwambie vitumbua uliuza kuanzia saa ngapi, kwa siku uliingiza kiasi gani, na fedha hiyo ililipia nini: sare za watoto, unga, umeme, ada. Hapo kwenye matumizi wengi hujisahau. Kama fedha ya vitumbua ndiyo iliyolisha nyumba, basi fedha ya bajaji ndiyo iliyobaki kwenda kwenye tofali. Huo ni mchango kwenye tofali, na hukumu ya 1983 inakuruhusu kuusema hivyo hivyo.

Kuna shauri la 1988 la Mohamed Abdallah dhidi ya Halima Lisangwe ambalo ningelitaja hapo. Mahakama Kuu iliona kwamba mke aliyezaa, akalea na kuitunza nyumba alimpa mume nafasi ya kwenda kufanya shughuli zake za uchumi, na kwa hiyo anastahili fungu katika matunda ya shughuli hizo. Mume wako asingeendesha bajaji tangu alfajiri mpaka usiku akiwa na watoto watatu wa kuogesha.

Bajaji zenyewe zilinunuliwa lini? Kama ni ndani ya ndoa, zimo. Na nani alikuwa akipokea hesabu kwa dereva wa ile ya pili? Wanawake wengi ninaokutana nao ndio wanaopokea hesabu jioni na kuziandika kwenye daftari la shule, tarehe upande mmoja, kiasi upande wa pili, siku bajaji ikiwa gereji wanaandika "mbovu". Daftari la namna hiyo, likiwa na mwandiko wako wa miaka mitatu au minne, linazungumza kuliko mashahidi watano wa ukoo. Kama lipo, litoe leo kwenye hiyo nyumba, uliweke kwa mtu unayemwamini.

Fanya vivyo hivyo na daftari la kikoba. Mwombe katibu akupe nakala ya ukurasa wenye jina lako, tarehe ya mkopo na marejesho, na umuulize kama yuko tayari kuja kutoa ushahidi, maana nakala bila mtu wa kuieleza huwa dhaifu. Fundi aliyepaua yuko wapi? Huyo ni shahidi wako. Jirani aliyekuona ukichota maji ni shahidi wako. Mama yako mzazi anaweza kuja, ila usimtegemee peke yake. Hakimu atajua anakupenda. Kama ulimtumia muuza mabati fedha kwa simu, omba taarifa ya miamala kwenye kampuni ya simu, wakikuambia ni ya zamani mno hujapoteza kitu kwa kuuliza.

Utaniuliza utapata asilimia ngapi. Sitakutajia, na anayekutajia kabla ya ushahidi kusikilizwa anakudanganya. Zipo hukumu zilizotoa nusu, mojawapo ikiwa ya Mahakama ya Rufani katika shauri la Richard William Sawe dhidi ya Woitara Richard Sawe, na zipo zilizotoa fungu dogo zaidi. Ninachoweza kusema ni kwamba kazi ya nyumbani ya miaka mingi, biashara ndogo iliyolisha familia na fedha iliyopaua nyumba, vikithibitishwa vyote vitatu, vinakuweka mahali pazuri kuliko mke anayeleta kimoja.

Habari ya jirani sasa. Mwezi Januari 2023 Mahakama ya Juu ya Kenya, katika shauri linalojulikana kwa herufi JOO dhidi ya MBO, ilisema kwamba ibara ya 45(3) ya Katiba yao inayowapa wanandoa haki sawa haimaanishi kila ndoa ikivunjika mali ikatwe katikati. Kila mmoja athibitishe mchango wake, na mchango usio wa fedha unahesabika. Redio zikaitangaza kana kwamba wanawake wamenyang'anywa kitu. Ukiitazama vizuri, Wakenya wamefika karibu na tulipo sisi. Sheria yao ya mali ya wanandoa ya 2013 inataja bayana kwamba kazi za nyumbani, malezi ya watoto na kazi za shamba la familia ni mchango, jambo ambalo kwetu liko kwenye hukumu ya mahakama na halijaandikwa wazi kwenye kifungu. Sisi kwa upande wetu tuna yale maneno ya kuelekea kwenye usawa. Vyovyote vile, hakimu wa Morogoro hafungwi na uamuzi wa Nairobi.

Yote hayo niliyosema hayataanza kusikilizwa kama hukupita kwenye lango, na hapa naomba usome polepole.

Karatasi ya talaka aliyokuandikia haijavunja ndoa yenu mbele ya sheria ya nchi. Huenda kwa dini imekamilika, hilo waachie masheikh. Kwa Tanzania Bara ndoa huvunjwa na mahakama, na mahakama hugawa mali inapotoa amri ya talaka au ya kutengana, ama baadaye. Kifungu cha 101 cha Sheria ya Ndoa kinakataza kufungua shauri la talaka kabla mgogoro haujapelekwa kwenye Baraza la Usuluhishi wa Ndoa na baraza likathibitisha kwamba limeshindwa kuwapatanisha, isipokuwa katika hali chache zilizotajwa. Kwa Waislamu, kifungu cha 107(3) kimepanga hatua kwa mfuatano: baraza lithibitishe limeshindwa, kisha mmoja wenu afanye tendo linalovunja ndoa kwa sheria ya Kiislamu, ndipo mahakama ione ndoa imevunjika na kutoa talaka. Mume wako ameanzia katikati.

Si jambo dogo la kikarani. Mwaka 2020 Mahakama ya Rufani ikiwa Mtwara, katika Hassani Ally Sandali dhidi ya Asha Ally, ilifuta mwenendo wote kwa kukosekana uthibitisho halali wa baraza. Watu walikuwa wameshapita mahakama tatu, wakaambiwa warudi mwanzo. Nimeona wanawake wenye ushahidi mzuri wakipoteza miaka kwa karatasi hiyo moja.

Kwa hiyo nenda kwenye baraza la kata yako, au baraza la usuluhishi la BAKWATA (Baraza Kuu la Waislamu Tanzania) kama lililopo kwenu linatambuliwa kisheria kama Baraza la Usuluhishi wa Ndoa. Uliza swali hilo waziwazi, usione aibu. Mume ataitwa. Akigoma kuja, baraza liandike kwamba aliitwa na hakuja. Mkishindwa kupatana, dai uthibitisho rasmi kwenye fomu yake, wenye muhuri, tarehe, saini na maneno yanayosema baraza limeshindwa kuwasuluhisha. Barua ya "kwa yeyote anayehusika" inayoeleza tabia ya mume wako haitoshi. Na usiukalie kabatini, kwani shauri la talaka linatakiwa lifunguliwe uthibitisho huo ukiwa haujazidi miezi sita.

Mtu atakuambia kwamba ukishakuwa Mwislamu haki yako ni matunzo ya eda na kiliwazo (kitu anachopewa mke aliyeachwa kumliwaza) tu, na kudai nyumba ni kuiasi dini. Sheria ya Matumizi ya Sheria, Sura ya 358, kifungu cha 9(3A), inasema kanuni za mila na za Kiislamu hazitumiki kwenye mambo ambayo Sheria ya Ndoa imeyawekea utaratibu. Bi Hawa na Ally Sefu walikuwa Waislamu pia. Ungekuwa Unguja au Pemba ningekujibu tofauti, kwa kuwa Sheria ya Ndoa ya 1971 haitumiki Zanzibar na mambo hayo huenda kwa Kadhi.

Wakati unasubiri, linda nyumba. Usihame kwa sababu tu umeambiwa uchukue kitanda, ila kama kuna kipigo au tishio la kipigo toka kwanza, ripoti dawati la jinsia polisi, mali itafuata. Kifungu cha 59 cha Sheria ya Ndoa kinamkataza mwenzi kuuza au kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake, na kinamkinga mwenzi aliyetelekezwa asifukuzwe humo na mwenzake. Hata kwa dini, madhehebu ya Shafi, ambayo wengi wetu tunayafuata, yanampa makazi mwanamke aliye kwenye eda. Kwa kuwa nyumba ina hati, unaweza kuweka zuio kwa Msajili wa Hati ili asisajili mauzo bila wewe kujua. Waandikie pia serikali ya mtaa barua fupi, ukieleza kwamba kuna mgogoro wa ndoa na hujaridhia mauzo, wagonge muhuri nakala yako. Wanunuzi wengi hupita kwa mwenyekiti wa mtaa kabla ya kutoa fedha. Bajaji ni ngumu zaidi, zinaweza kuuzwa usiku mmoja. Piga picha za kadi na namba za usajili, na mara shauri likifunguliwa omba amri ya zuio la muda.

Shauri la ndoa ya Kiislamu linaweza kuanzia Mahakama ya Mwanzo, na kwa mtu asiye na fedha ya wakili ndiko ningeanzia. Watoa msaada wa kisheria wanatambuliwa na sheria ya 2017. Morogoro wapo, na Kituo cha Msaada wa Sheria kwa Wanawake na TAWLA (chama cha wanasheria wanawake Tanzania) wanaweza kukuelekeza kwa aliye karibu nawe. Wakusaidie hasa kwenye maombi ya mwisho ya hati ya madai. Wanawake wengi huandika "naomba mgawanyo wa mali" wakaishia hapo. Wakishinda wanapewa asilimia fulani ya nyumba ambayo mume bado anaishi na mke mpya, na asilimia hailaliki. Omba mahakama iagize tathmini ya nyumba, mume akulipe thamani ya fungu lako ndani ya muda utakaotajwa, na akishindwa nyumba iuzwe na fedha zigawanywe. Mamlaka ya kuuza yamo kwenye kifungu cha 114(1) chenyewe, hakimu hahitaji kuyatafuta kwingine. Na deni la kikoba, kama bado lina salio, liombe liingie kwenye hesabu, kwa sababu lilikuwa la faida ya wote.

Watoto ni suala la peke yake na hukuniuliza, ila matunzo yao ni wajibu wa baba hata wakikaa kwako, na yanaombwa kwenye shauri hilo hilo. Yasichanganywe na fungu lako. Baba akisema "nitalea watoto, kwa hiyo nyumba niachie", hapo anakupa kwa mkono mmoja kitu ambacho tayari anadaiwa.

Hukumu ikisomwa, omba nakala siku hiyo hiyo. Rufaa kutoka Mahakama ya Mwanzo kwenda Mahakama ya Wilaya ina siku 30, na zinahesabika hata kama bado unatafuta nauli.